Sahani ya Siku Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za kuulizana hali sitaziandika. Hali yangu unaijua, umeitia sahihi.

Umenipigia simu mara kumi na moja tangu Ijumaa, na mara zote nimeiangalia ikilia mpaka ikachoka. Usipige tena. Ya simu hukanwa, ya karatasi hayakanwi, na kuanzia sasa kila utakachoniambia nataka nikishike mkononi. Andika. Ukimaliza tia tarehe, kama ulivyofanya kwenye ile ripoti.

Ijumaa saa nne asubuhi niliitwa ofisini kwa mganga mkuu wa hospitali. Nilimkuta yeye na metroni, na mfamasia wetu pembeni amekunja nne kama mgeni wa heshima. Mezani palikuwa na karatasi mbili zenye nembo ya taasisi yenu. Mganga mkuu akasoma kwamba bakteria waliotoka kwenye damu ya vichanga wetu, wale watano waliougua na watatu kati yao wakatutoka, wamepimwa mafuta yaliyomo mwilini mwao, na mafuta hayo yamefanana na ya bakteria wa sampuli iitwayo Mkono wa Nne. Akauliza Mkono wa Nne ni wa nani. Metroni akafungua daftari, akateremsha kidole, akakisimamisha kwenye mstari mmoja.

Mkono wa Nne ni wangu.

Nimesimamishwa kazi palepale, baada ya miaka kumi na tisa. Nilipita kwenye korido ya wodi kuchukua mkoba wangu, na habari ilikuwa imeshanitangulia. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso nilipompita, kana kwamba mimi ndio ugonjwa wenyewe. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Lakini hilo silo lililonikata maini. Mganga mkuu alinipa nakala ya ripoti niende nayo, na chini kabisa, penye neno Mchunguzi, nikaona mwandiko niliokufundisha mimi mwenyewe kwenye meza ya jikoni, nikiwa nimekushika mkono kwa sababu penseli ilikuwa inakuponyoka. Jina la hospitali yangu liko juu ya kila fomu, na jina la wodi pia. Hukuniambia kwamba kazi ile imekuja kwako, na hukuniambia umeimaliza. Wiki mbili zote hizo tulikuwa tunaongea kwa simu habari za magoti ya Mama.

Mama nimemwambia niko likizo. Amenitazama akasema, likizo gani hii ya kununa. Usimwambie lolote.

Nijibu jambo moja tu. Ulijua ni mkono wangu?

Dada yako

*

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa najua hutaiitikia.

Sikujua mpaka Ijumaa, habari za kusimamishwa kwako ziliponifikia. Sampuli hutufikia kwenye kisanduku cha barafu zikiwa na namba tu: Damu ya Kwanza mpaka ya Tano, Mkono wa Kwanza mpaka wa Sita, Sinki, Chupa. Wodi nilijua ni yako, hilo sikatai. Nilitakiwa nimwambie mkuu wa maabara kwamba nina ndugu pale, nijitoe. Sikusema kwa sababu nilitaka kazi ifanyike vizuri, na katika jengo hili hakuna mtu anayeijua ile mashine kunishinda. Na sikukuambia kwa sababu haturuhusiwi. Hayo ndiyo makosa yangu, nayakubali.

Lakini usiniandikie kana kwamba nilikaa mezani nikakutungia kesi. Ngoja nikueleze tunachofanya, maana naona mmesomewa mstari wa mwisho tu.

Bakteria amezungukwa na utando, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Kila jamii ya bakteria ina mchanganyiko wake wa mafuta, mengine ya mnyororo mrefu, mengine mfupi, mengine yenye tawi. Tunawaotesha kwenye sahani, tunawakwangua kiasi cha ncha ya ukucha, tunawachemsha kwenye dawa kali kwa nusu saa mpaka wanapasuka na mafuta yao yanaachia. Tunayatia dawa ya pili ili yawe mepesi kugeuka mvuke, kisha tunayapitisha kwenye mashine ya gesi. Ndani yake mna mrija mwembamba kama uzi, urefu wake mita ishirini na tano, umeviringwa kama waya. Kila aina ya mafuta hutokea upande wa pili kwa dakika yake, na mashine inachora kilele. Kilele kirefu, mafuta mengi, kifupi, machache. Tunasoma vilele kama wewe unavyosoma chati ya joto la mtoto.

Vilele vya damu ya wale watoto na vya Mkono wa Nne vililingana kimoja kwa kimoja. Nilirudia mara mbili. Mashine haina dada wala adui.

Na mimi pia nina hasira. Tangu utotoni mwetu hukumu yako hutangulia maswali. Umepata kwenye barua moja nafasi ya kunikumbusha penseli, lakini hukupata nafasi ya kuniuliza nimelalaje tangu nilipojua mkono ule ni wa nani.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Na asante kwa somo. Nimelisoma mara tatu, kwa sababu siku hizi nina nafasi. Mtu aliye likizo ya kununa ana nafasi tele.

Mimi nami nikusomeshe kidogo. Siku waliyokuja kutupangusa mikono kwa vijiti vya pamba, mimi nilitolewa kando ya kitanda cha mtoto njiti. Nilikuwa nimetoka kumtundikia maji ya sukari, na shingo ya chupa ilikuwa imelowa, ikanichuruzikia vidoleni. Glovu zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi. Nikasema niende kwanza kunawa. Yule mpimaji akasema, hapana, tunataka mikono kama ilivyo. Nikampa mikono kama ilivyo.

Maji yale ya sukari hayatoki kiwandani. Anayachanganya mfamasia wetu kwenye chumba chake nyuma ya stoo, anayatia kwenye chupa, anaziba. Watoto wote watano waliyapata. Hili nililisema mle ofisini. Mfamasia akaguna, akasema chupa ilipimwa, ilikutwa na bakteria wa aina nyingine kabisa, na chupa ikishafunguliwa wodini inaingiwa na uchafu wowote wa manesi. Hakika ripoti yako, ukurasa wa pili, inasema: Chupa, haifanani.

Sasa sikiliza. Vilele sikusomea. Tarehe nimezisomea, maana nesi anaishi kwa saa na tarehe. Ukikosea dozi ya saa sita ukaitoa saa tisa, umeua. Kwenye jedwali lako umeandika kwamba sampuli zote zilipandwa kwenye sahani tarehe tano Februari. Damu na mikono zikakwanguliwa tarehe sita. Chupa ikakwanguliwa tarehe kumi.

Kwa nini?

Nina mtoto wa siku moja wodini na mtoto wa siku tano kitanda cha pili. Nikifumba macho nikawagusa, ngozi tu inaniambia yupi ni yupi. Bakteria wa siku moja na bakteria wa siku tano, mafuta yao ni yaleyale?

Nijibu upesi. Chupa zile bado zinatundikwa. Aliyeondolewa wodini ni mimi tu.

Dada yako

*

Jumanne, tarehe 18 Machi

Dada,

Shikamoo.

Tofauti ya tarehe uliyoiona ni jambo la kiutaratibu. Mkuu wa maabara aliipitia ripoti yote kabla haijatoka na aliridhika nayo. Ripoti ikishatoka inakuwa mali ya hospitali, sisi hatuwezi kuifungua kwa barua ya mtu binafsi, hata awe ndugu.

Nakuomba usiende nayo huku na huku. Ukianza kumnyooshea mfamasia kidole watasema unatafuta wa kufa naye. Chama cha wauguzi kina mwanasheria, muone. Mwezi wa sita nitakuja, tutakaa tuongee vizuri.

Mpe pole Mama na magoti.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Wewe,

Alhamisi mtoto mwingine amekufa. Wa kike, siku tisa, alizaliwa na kilo moja na nusu na alikuwa ameanza kunyonya mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake. Homa ilianza Jumanne jioni, Jumatano tumbo likavimba, Alhamisi saa tano asubuhi basi. Wenzangu wameniambia. Dripu yake ilikuwa ya chupa zilezile.

Nimeiangalia barua yako ya Jumanne. Uliiandika siku ambayo homa yake inaanza. Una mwandiko mzuri kwenye barua hiyo, hakuna hata neno moja ulilokata.

Mkono wa Nne tangu tarehe ishirini na nane Februari haujamgusa mtoto yeyote. Alhamisi saa tano asubuhi Mkono wa Nne ulikuwa nyumbani unafua mashuka ya Mama. Basi iambie mashine yako itafute mkono mwingine.

Nilikuuliza swali la watu wazima ukanijibu kama karani wa dirishani. Sijui kama unaogopa, au unaficha, au vyote. Mimi nimekulea, nakujua ukiwa na kitu mdomoni. Ukiwa mdogo ulikuwa unajibu kwa maneno marefu siku uliyovunja kitu.

Umevunja nini?

*

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Dada,

Nilichovunja ni hiki.

Tarehe tano Februari nilipanda sampuli zote kumi na tatu na kuziweka kwenye kabati la joto. Sahani kumi na mbili zilienea kwenye rafu ya juu. Ya chupa ikabaki peke yake, nikaiweka rafu ya chini, nyuma ya sahani za mtu mwingine. Kesho yake nikazitoa za juu, nikazikwangua, nikaendelea na kazi. Ya chupa niliisahau. Ijumaa sikuwepo, nilikuwa kwenye usaili wa kupandishwa cheo. Niliikumbuka Jumatatu tarehe kumi.

Jibu la swali lako ni kwamba mafuta si yaleyale. Bakteria wa aina hii akiwa mchanga utando wake una mafuta laini. Chakula kikimwishia kwenye sahani anaanza kuyafunga, yanajikunja na kuwa mafuta yenye pete. Ukimpima akiwa na siku tano, vilele viwili vinavyotakiwa kuwa virefu vimekuwa vifupi, na pale pasipotakiwa kuwa na kitu pameota kilele kirefu. Atakayesoma haraka atasema huyu ni mwingine. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi hii, kabla ya kemikali na kabla ya mashine, ni chakula kimoja, joto moja, umri mmoja. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza wa mafunzo. Nililijua pia siku ile.

Nilitakiwa nipande upya, nisubiri siku moja. Siku moja tu, dada. Mkuu alikuwa ameahidi hospitali kwamba ripoti ingetoka Jumanne. Nikaandika kwenye rasimu sentensi mbili: kwamba sahani ya chupa ilikuwa na siku tano na kwa hiyo hailinganishiki, na kwamba hata vilele vikifanana vinataja aina ya bakteria tu, havitaji nani kampa nani. Mkuu akazikata zote mbili kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Hospitali imeomba jibu, haikuomba mahubiri." Kisha akanisogezea karatasi nitie sahihi. Matokeo ya usaili wangu yalikuwa bado mezani kwake. Nikatia.

Cheo nilipata. Hukuniuliza na sikukuambia.

Ulipoandika habari ya tarehe nilikaa na barua yako siku mbili. Niliona kwamba umeshafika mlangoni, bado kusukuma tu. Nikakuandikia ile barua ya karani ili ugeuke urudi. Sikufikiria chupa. Nilifikiria jina langu, kisha nikafikiria la kwako, kisha nikarudi kwenye la kwangu. Yule mtoto wa kike hakunipitia akilini hata kidogo, kwa sababu sikujua kama yupo.

Unisamehe au usinisamehe, hilo nakuachia. Lakini chupa zizuieni leo. Na zikipatikana ambazo hazijafunguliwa, zenye kizibo chake cha famasia, nitafutieni. Chupa iliyofunguliwa watasema imechafuliwa na manesi. Isiyofunguliwa watasema nini?

Mdogo wako

*

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za kusamehe zikae pembeni, usizilete tena. Andika namba.

Barua yako ilifika jana saa sita. Saa saba nilikuwa nyumbani kwa metroni na nakala ya ripoti upande mmoja, barua yako upande mwingine. Huyu ndiye aliyenipa mgongo mle ofisini, na sikwenda kwa mapenzi. Nilimwonyesha tarehe. Akavaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta, akasoma tena. Akasema, "Nimewatundikia mwenyewe." Tukaenda hospitali pamoja.

Amezuia chupa zote kwa mdomo wake, bila karatasi ya mtu. Amezifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Mfamasia alikuja juu, akauliza nani kampa mamlaka. Metroni akamjibu kwamba akitaka kuzitundika atundike mwenyewe, tena amtundikie mtoto wake.

Kesho gari la vipimo linalokuja kwenu litabeba kisanduku. Ndani mna chupa tatu ambazo hazijafunguliwa, za mchanganyiko uleule wa mwezi wa pili. Metroni amezifunga, amezipiga lakiri, ametia sahihi juu ya karatasi ya gundi pamoja na tarehe na saa. Mimi sikuzigusa hata kwa kidole. Nilisimama mlangoni mikono nyuma kama mfungwa.

Usiniandikie tena mpaka uwe na jibu. Sitaki kuusikia moyo wako. Nataka kusikia kuna nini ndani ya zile chupa.

Dada yako

*

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Kwa: Mchunguzi, Chumba cha Mashine ya Gesi
Kutoka: Mkuu wa Maabara
Yahusu: ONYO

Imenifikia kwamba tarehe 2 Aprili ulipokea sampuli zisizokuwa na fomu ya maombi iliyoidhinishwa na ofisi hii, na kwamba umetoa kwenye friza bakteria waliohifadhiwa wa shauri ambalo limekwisha kufungwa.

Unakumbushwa kwamba ripoti iliyotajwa ilipitiwa na kuidhinishwa kwa mujibu wa taratibu. Taasisi hii haibadilishi matokeo yake kwa shinikizo la ndugu wa watumishi. Imebainika pia kwamba una uhusiano wa kifamilia na mhusika, jambo ulilolificha. Ofisi itakuwa na la kusema juu ya hilo kwa wakati wake.

Unaagizwa kuziharibu sampuli hizo leo kabla ya saa kumi jioni na kuthibitisha kwa maandishi. Matumizi yoyote ya mashine nje ya ratiba yatahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Mkuu wa Maabara

*

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Namba hizi hapa.

Chupa zote tatu zina bakteria. Nilikata lakiri mbele ya mashahidi wawili wa chumba cha jirani, nikavuta maji kwa sindano kupitia kizibo, bila kukifungua. Ijumaa, saa mbili baada ya kupokea onyo, nilipanda sahani upya: damu tano za watoto kutoka friza, Mkono wa Nne, ile ya chupa ya zamani, na hizi tatu. Chakula cha kopo moja, rafu moja. Jumamosi saa ileile nikazikwangua zote kumi na kuzichemsha pamoja, kila moja kwenye kichupa chake. Wikiendi hakuna mtu anayeingia chumba cha mashine. Mpaka Jumapili mchana zilikuwa zimepita zote.

Zimefanana zote kumi. Kilele kinachozidi kimezidi kwa kiasi kisichofika asilimia mbili. Chupa ya zamani, ile niliyoandika haifanani, inafanana. Chupa ambazo hakuna nesi aliyezigusa zinafanana. Waliokuwa mkononi mwako walitoka kwenye shingo ya chupa.

Nikafanya na jambo moja zaidi. Sahani moja ya damu ya mtoto niliirudisha kwenye kabati la joto makusudi, ikae siku tano. Jana nimeikwangua. Imetoa kilele kilekile kirefu cha mafuta ya pete. Ningeandika ripoti leo kwa mtindo wangu wa Februari, ningesema damu ya mtoto haifanani na damu ya mtoto huyohuyo.

Niliichapa ripoti mpya asubuhi. Safari hii nimeanza na kosa, ukurasa wa kwanza, kabla ya jedwali: kwamba sahani ya chupa ilikuwa na siku tano, kwamba mchunguzi alijua, kwamba sentensi zilizosema hivyo zilikatwa na mchunguzi akatia sahihi hata hivyo. Nimeambatanisha ile rasimu yenye kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeitunza. Sijui niliitunza kwa ajili gani, labda nilidhani itanilinda mimi.

Nilimpelekea mkuu mwenyewe mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Nilitegemea atafoka, nilikuwa nimejiandaa kwa kufoka. Akaniuliza kwa upole tu kama ninajua nitakuwa nani kesho. Nikamwambia kwamba nimeshazituma nakala kwa mganga mkuu wenu na kwa bodi ya hospitali. Akakaa chini. Saa nane mchana nimekabidhi koti, ufunguo na kitambulisho. Wameniandikia kuficha undugu na kukaidi agizo. Vyote viwili ni kweli.

Nina hasira, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hasira yenyewe haina pa kwenda. Nikimtafuta mkuu naikuta kalamu nyekundu. Nikiitafuta kalamu naikuta sahihi yangu.

Nimeandika namba kama ulivyosema. Yaliyobaki umenikataza.

Mdogo wako

*

Ijumaa, tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu. Kwanza yaliyotokea, halafu la kwako.

Bodi ilikuja na watu wa nje. Waliingia kwenye chumba cha kuchanganyia wakafungua pipa la maji yaliyochemshwa. Pipa lenyewe safi. Wakafungua bomba lake kwa spana, na ndani ya bomba pameota utelezi kama wa mwani. Kila chupa iliyojazwa tangu mwezi wa kwanza ilipita hapo. Mfamasia alisema bomba halimo kwenye orodha ya vitu vya kusafisha, na kweli halikuwamo. Orodha aliiandika mwenyewe. Amehamishwa. Hakufukuzwa wala hakushtakiwa; amekwenda kuchanganya maji ya watu wengine, na sisi tumeambiwa tushukuru. Metroni alipiga meza mle kikaoni mpaka bilauri ikaanguka. Hata hivyo mfamasia amehamishwa tu.

Mimi nimepata barua ya mistari miwili. Wa kwanza unasema niripoti kazini Jumatatu. Wa pili unanishukuru kwa uvumilivu wangu. Samahani haimo, nimeitafuta mpaka nyuma ya karatasi. Mama nimemwambia yote. Alinisikiliza, akaniuliza kama bado nanuna, nikamwambia ndiyo, akasema basi endelea, hii ni ya haki.

Jumatatu nilirudi. Jumanne nikagundua kwamba hakuna aliyewaambia wazazi. Wale wa mwanzo walishaambiwa ni uzembe wa nesi, na mimi ndiye niliyeletwa kwenye midomo yao. Aliyefiwa mwezi wa tatu aliambiwa ni kazi ya Mungu. Nikamuuliza mganga mkuu nani atawaambia. Akasema suala hilo liko ngazi ya juu. Basi nikachukua ripoti yako nikaanza kwenda mwenyewe, nyumba moja kila nikitoka zamu. Mlango mmoja ulifungwa usoni mwangu. Mwingine baba alinisikiliza mpaka mwisho akasema kama anajibu salamu, "Sawa, nesi."

Jana nilikwenda kwa mama wa yule wa kike. Ni fundi cherehani, chumba chake kimoja ndicho nyumba na ndicho kazi. Alikuwa anashona, hakusimamisha mashine. Nikajitambulisha, nikamweleza kwamba si kazi ya Mungu, ni bomba, na kwamba kuna ripoti. Akasema nisome. Nikasoma huku anashona. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mchunguzi alijua, mguu wake ukasimama.

Akaniuliza, "Alijua tarehe ngapi?"

Nikamwambia, kumi na moja Februari alipotia sahihi.

Akahesabu kwa vidole, nikamwona. Mwanawe alizaliwa tarehe kumi na moja Machi. Siku ile ulipotia sahihi alikuwa bado tumboni, ana mwezi mzima wa kungoja. Akaniuliza huyu mchunguzi ni nani. Ningeweza kusema ni mtumishi wa taasisi, asingejua tofauti. Nikamwambia ni mdogo wangu, tumbo moja.

Nilitegemea atanifukuza. Aliinama akakata uzi kwa meno, akakunja ile nguo, akaiweka.

"Wewe usinisomee," akasema. "Mwambie aje anisomee mwenyewe."

Nilifungua mdomo nikutetee. Nilitaka kumwambia kwamba umefukuzwa, kwamba ni wewe uliyeyafichua, kwamba bila wewe bomba lingekuwa bado linatiririka. Yote ni kweli. Nikaufunga mdomo, kwa sababu niliona kwamba hayo si ya kusemwa na mimi, na wala hakuyauliza.

Basi njoo. Gari la Jumamosi ijayo linafika saa nane mchana. Nitakuwa kituoni. Hasira yangu haijapungua, usije ukidhani imepungua. Nitakuja nayo hapo kituoni na tutatembea nayo njia nzima. Njia ni ndefu kidogo, baada ya soko unakata kushoto, mlango wa tatu. Nitakupeleka mpaka mlangoni. Ndani utaingia peke yako, na mimi nitakaa nje kwenye kizingiti mpaka utoke, hata kama ni giza.

Dada yako